Gia ya Usukani ya Oclides Gramaglia

Mji wetu hulala mchana. Saa sita ikishagonga maduka hufungwa, mapazia hushushwa, na mpaka saa kumi hata mbwa wanajua kwamba si wakati wa kubweka. Mtu akiiba ng'ombe hapa, atasamehewa baada ya miaka. Akipiga nyundo saa nane mchana, hasamehewi. Ndiyo maana majira yale ya baridi ya mwaka 2023 watu walianza kumtazama Oclides Gramaglia kwa jicho la pembeni. Mzee wa miaka sabini na minne, fundi wa magari aliyestaafu na heshima zake, alikuwa halali. Mara umsikie akiburuta mapipa gerejini, mara awashe pikapu aende zake, mara arudi na kuubamiza mlango wa bati. Alikuwa hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alikuwa akitafuta vyuma sita. Mkono wa gia, ule unaochomoza kwenye usukani; bomba linaloushika; vikono viwili vifupi vya chini; na fito mbili nyembamba zinazotoka hapo kwenda kwenye giaboksi. Viwe vya Chevrolet 400 ya mwaka sitini na saba, au sana sana sitini na nane. Vya mwaka mwingine havikai, na fundi anayekwambia vitakaa ukivipinda kidogo anakudanganya.

Jambo hili liliwachekesha wengi, nami nilicheka pia, sikatai. Katika mkoa mzima wa Santa Fe, hapa kwetu Argentina, hakuna mtu aliyeng'oa na kutupa vyuma vingi vya namna hiyo kuliko Oclides Gramaglia mwenyewe.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, mtoto wa sita kati ya tisa, katika nyumba ambayo bibi alisali Kipiemonte, lugha ya kwao Italia, na kutukana Kihispania. Akiwa na miaka kumi na minne alichoka kuamka saa tisa za usiku kukamua, akaenda kuosha vipuri kwa fundi wa matrekta. Akiwa na ishirini na minne alimwoa Delcia Bertone, binti wa mtengeneza jibini, msichana mwenye kicheko kilichosikika hadi ng'ambo ya reli. Mwaka uliofuata wakanunua Chevrolet 400 yao, nyeupe, mkono wa pili, yenye kiti cha mbele kilichonyooka mlango hadi mlango kama kochi.

Basi zikaja zile zama ambazo kila kijana alitaka gia ya chini. Gia ya usukani, walisema, ni ya baba na babu, ya watu wanaokwenda misani wakiwa na keki mapajani. Mwanamume hasa anashika gia iliyoota sakafuni, kama madereva wa mbio. Oclides alikuwa na mkono mwepesi kwa kazi hiyo. Asubuhi alikata tundu kwenye sakafu ya gari, adhuhuri akafunga mkono mpya, jioni mwenye gari aliondoka kwa mlio na vumbi. Watu walimjia kutoka miji mitatu. Walimpa jina la Palanca, yaani mkono wa gia, na mpaka leo kuna watu klabuni wasiojua jina lake la ubatizo. Magari aliyoyageuza yalipita mia.

Na zile fito za zamani? Mwaka 1984 alitaka kumwaga zege gerejini kwake. Nondo zilikuwa adimu. Akatazama lile lundo la fito na mabomba lililojaa pembeni, akaona chuma ni chuma tu, akazipanga chini zote, akazifunga kwa waya, akamwagia zege juu. Sakafu ikawa imara mpaka akawa anajisifu. Wapo wanaosema ujana ni moshi. Yeye ujana wake aliumwagia saruji kabisa.

Gari lake mwenyewe alikuwa amelifanyia kazi hiyo mapema zaidi, Jumamosi moja ya mwaka 1981, bila kumwambia mtu. Hapo inabidi nieleze walivyokuwa wakikaa. Binti yao Marisa alikaa dirishani, kwa sababu bila upepo alitapika. Delcia alikaa katikati, bega lake kwenye bega la mumewe, na hivyo ndivyo walivyokwenda kila mahali: misani, kwa wakwe, hadi mtoni wakati wa joto. Jumapili ile Delcia akafungua mlango, akaona mkono wa gia umesimama palepale miguu yake ilipokuwa ikikaa. Alimhamishia mtoto kiti cha nyuma, yeye akakaa dirishani. Oclides akamwonyesha jinsi gia ya pili inavyoingia laini. Delcia akasema ni laini kweli.

Miaka ikapita kama inavyopita kwa watu ambao hawagombani. Yeye gerejini, mkewe jikoni na kwenye cherehani. Gari jeupe likafunikwa turubai, wakanunua pikapu yenye viti viwili vilivyotengana. Marisa akaolewa Córdoba. Mezani redio ndiyo iliyozungumza, na walipokwenda mjini pamoja Delcia alishika mkoba wake mapajani akatazama mashamba ya upande wake, naye mumewe akatazama barabara.

Mwezi wa Juni padri alimsimamisha Oclides nje ya duka la mikate akamkumbusha kwamba Septemba wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Akataka kujua kama aandike misa ya shukrani. Oclides akajibu ndiyo, haraka, kama mtu anayejibu swali la bei. Jioni alimweleza mkewe, wakati anamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, yale majani machungu tunayoyanywa kwa mrija.

Delcia alikinyonya kile kinywaji mpaka mrija ukakoroma, akamrudishia kibuyu.

"Umemwambia ndiyo kwa niaba ya nani?"

"Ya sisi wote wawili. Kwani wewe hutaki?"

"Misa ya miaka hamsini ni ya watu waliokaa pamoja, mzee. Sisi tumekaa nyumba moja."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Oclides alishikilia birika hewani, hajui aiweke wapi. Mwishowe akamwuliza anataka nini basi. Delcia akatazama nje, upande wa banda, ambako turubai lilikuwa limefunika kitu chenye umbo la gari.

"Nirudishie mahali pangu. Ukinipeleka kanisani nimekaa pale pangu, nitakwenda. Ukishindwa, mwambie padri sina viatu."

Oclides hakuelewa yote aliyoambiwa, nadhani hata robo hakuielewa. Lakini fundi akipewa kazi yenye vyuma hushukuru Mungu, kwa sababu vyuma anavijua. Kesho yake alivuta turubai. Ndani ya wiki tatu injini ilikuwa inaunguruma, breki zinashika, na tundu la sakafuni limezibwa kwa bati jipya huwezi kujua. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu, vile vyuma sita. Alidhani atavipata kabla ya Julai.

Alianza kwa Wilmar Peirone, mwenye uwanja wa magari mabovu kwenye njia ya Rafaela. Wilmar alimpokea kwa kicheko kirefu.

"Palanca, wewe ndiye unayezitafuta? Mbweha amekuja kuuliza kuku wamekwenda wapi!"

Oclides aliinama akacheka naye, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame, kisha akapita kwenye yale mabanda siku nzima. Alikuta Chevrolet 400 tano. Nne zilikuwa na tundu sakafuni, na matundu mawili kati ya hayo aliyatambua kwa jinsi yalivyokatwa. Yalikuwa kazi ya mikono yake. Ya tano ilikuwa imekwisha ng'olewa kila kitu, hata vitasa.

Akaenda Rosario, akarudi na fito ambazo ziligundulika ni za pikapu, fupi kwa urefu wa kidole. Alizijaribu hata hivyo. Alilala chini ya gari saa nzima akizivuta, kana kwamba chuma kingeona haya kikarefuka. Mtu mmoja wa Córdoba alimtumia picha ya mkono wa gia kwenye simu. Picha ilikuwa nzuri, mkono wenyewe ulipofika ulikuwa na pindo la mwaka sabini na mbili, ukiuingiza gia ya pili unagonga dashibodi. Akaenda kwenye mnada wa shamba. Akaenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani, akazunguka meza zote mara tatu, akala soseji ndani ya mkate akiwa amesimama. Usiku alijigeuza kitandani, saa kumi za alfajiri akawa ameamka, anapima kwa utepe kile alichokwisha kukipima jana. Agosti ikaingia. Padri akauliza tena, Oclides akajibu ndiyo tena, sauti imepungua.

Sasa nisikufiche. Siku zote hizo Oclides alijua vyuma vyake viko wapi. Mitaa saba kutoka nyumbani kwake aliishi mwalimu Ermelinda Zurbriggen, mwenye Chevrolet 400 ya mwaka sitini na nane, rangi ya maziwa, gari pekee la namna hiyo hapa mjini ambalo halikuguswa. Mwalimu huyo alifundisha kusoma nusu ya mji, na nusu iliyobaki aliifundisha adabu. Mwaka 1982 alilipeleka gari lake kwa Oclides kufungiwa klachi. Ilikuwa saa ya vermut, ile divai ya mitishamba inayonywewa kabla ya chakula, gereji imejaa wanaume wenye glasi mkononi, na Oclides kichwa kimevimba kwa sifa. Akamwambia mbele ya wote kwamba lile si gari, ni cherehani ya bibi yake, alete alitengeneze liwe gari. Wanaume wakaangua kicheko. Mwalimu alingoja wanyamaze, akasema cherehani inashona, fundi, wewe funga klachi tu. Akalipa, akaondoka, na kwa miaka arobaini na moja alilipeleka gari lake kwa fundi wa mji wa jirani, kilomita ishirini kwenda, ishirini kurudi. Wakikutana barabarani alimsalimia Delcia peke yake.

Ndiyo, mtu mzima alikwenda mpaka Rosario ili asitembee mitaa saba.

Siku ya tatu ya Septemba, saa nane kasoro, mji umelala, mlio wa kutisha ukatokea nyumbani kwa Gramaglia. Madirisha yakafunguka. Mwanamke mmoja akapiga simu polisi, polisi naye alikuwa amelala. Oclides alikuwa amekodi nyundo ya umeme ya kuvunjia zege. Alikuwa amesimama katikati ya gereji yake, vumbi limemfanya mweupe mpaka kope, anaivunja sakafu yake imara.

Alikumbuka kwamba zimo. Zaidi ya jozi mia, zile hasa, fito za mwaka wenyewe, chini ya viatu vyake. Kila alipoivunja slabu moja aliinama, akachakura kwa mikono, akavuta. Zilitoka zimepinda, zimeliwa na kutu, nyingine zilikatika mkononi kama biskuti. Alizipanga ukutani moja moja. Alitafuta hata moja iliyonyooka, kisha hata nusu iliyonyooka.

Delcia alikuja na vazi la kulalia, koti la mumewe begani. Alichomoa waya wa mashine ukutani. Ukimya ukarudi mjini kote, na nadhani watu walitega masikio badala ya kulala.

"Hizi zote ni zako?" akauliza, akitazama fito ukutani.

"Zangu. Nilizizika mwenyewe." Oclides alikaa juu ya kipande cha zege. "Zimeoza, mama. Hakuna hata moja. Nimekwisha."

"Hujaisha. Unajua mwenye nazo."

"Yule hawezi kunipa."

"Umemwomba?"

Oclides akafuta vumbi machoni, akizidi kulipaka.

"Unavunja nyumba," Delcia akasema, "kwa kumwogopa mwanamke wa miaka themanini na tatu. Mficha uchi hazai, mzee. Nenda ukaoge."

Alioga. Alivaa shati la misa. Saa kumi na robo, mji ulipoanza kupandisha mapazia, watu walimwona Palanca akitembea kwa miguu, kofia mkononi, nywele zimelowa, na kila mmoja alijua anakokwenda kabla hajafika. Delcia alikuwa amempa mtungi wa mboga za siki asiende mikono mitupu.

Mwalimu Ermelinda alifungua mlango nusu. Mkono wa kulia alikuwa ameukumbatia tumboni kama watu wanaoshika kitu kisichoonekana. Akautazama mtungi, akamtazama mleta mtungi, akangoja. Oclides akasema amekuja kwa ajili ya gari, kuhusu gia, kwa sababu mkewe, yaani misa.

"Sema sentensi nzima, Gramaglia."

Akasema sentensi nzima. Kisha akasema nyingine, ambayo hakuwa ameipanga njiani: kwamba mwaka themanini na mbili alimvunjia heshima mbele ya watu, kwamba alijua siku ileile kuwa amekosa, na kwamba aliendelea kucheka kwa sababu wengine walikuwa wanacheka.

Mwalimu akaufungua mlango wote.

Gari lilikuwa bandani, limefunikwa shuka safi lililopigwa pasi, nami siongezi chumvi. Oclides alipoketi ndani na kuushika ule mkono wa gia, machozi yalimlenga. Ulikuwa haujachezacheza hata unene wa kucha. Aliuvuta kwake, akaushusha, moja. Akaupandisha akausukuma mbele, mbili. Kila kitu kiliitikia kule chini kwa sauti ndogo, safi. Ndipo akaona vumbi kwenye kioo, magurudumu yaliyoanza kuishiwa upepo, na betri iliyochomolewa. Akauliza gari halijatembea tangu lini.

"Tangu Januari," mwalimu akasema.

Akaja upande wa dereva na kujaribu kuunyanyua mkono wa kulia, ambao kwetu ndio unaoshika gia maana usukani uko kushoto, amwonyeshe. Mkono ulifika kifuani ukakoma. Aliuma midomo akaushusha.

"Bega limeganda. Moja naipata, nikijivuta. Mbili iko juu huko, mbele, siifikii. Kutoka hapa mpaka makaburini nilikwenda na gia ya kwanza, nikachoka kuwasikia watu wakipiga honi nyuma." Akautazama mkono wa gia. "Ile yako ya chini. Inataka mkono uende wapi?"

Oclides alimtazama. Alianza kuelewa, na kwa mara ya kwanza tangu Juni mwili wake wote ulitulia.

"Pajani tu, mwalimu. Kama mtu anayepapasa paka."

"Ningekuja kwako Januari ileile. Nilikwisha kuvaa viatu. Lakini ungecheka."

"Nisingecheka."

"Ungecheka, Gramaglia. Na wale wenzako wa vermut wangecheka."

"Wale wote nimekwisha kuwazika, mwalimu. Nimebaki mimi, na mimi leo sina cha kuchekea."

Mwalimu alimtazama mpaka akaridhika. Akaweka masharti yake, ya kiualimu: kazi isifanywe saa za kulala, tundu likatwe kwa kipimo, si kwa macho, na watu wa klabuni wasiambiwe. Oclides alikubali yote na hakumwambia mtu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewaambia wote, kwenye foleni ya mikate, kesho yake saa mbili asubuhi.

Hivyo kazi ya mwisho ya Palanca ilikuwa ileile ya kwanza. Mikono ya gia ya chini alikuwa nayo tele, ile hakuizika. Alichukua siku nne kwa kazi aliyokuwa akiimaliza kwa siku moja, kwa sababu kila bolti aliifungua kama anayemvua mtoto fulana usingizini. Mwalimu alikaa kwenye kiti karibu naye, anasoma gazeti kwa sauti, anamsahihisha mwandishi. Siku ya nne aliketi nyuma ya usukani, akaushusha mkono wake mbovu bila kuunyanyua, akapata moja, akapata mbili, akapata tatu. Alikwenda mpaka makaburini na kurudi. Aliporudi hakusema asante. Alisema klachi imekaza, aitazame.

Vile vyuma sita Oclides alivibeba mikononi, hakutaka kuviweka nyuma ya pikapu. Alivifunga kwenye gari lake jeupe, akalinyanyua kwa jeki, akajaribu gia zote magurudumu yakizunguka hewani. Zote ziliingia. Ilikuwa jioni ya kuamkia misa, na mji mzima ulilala vizuri isipokuwa yeye, ambaye alishuka mara mbili usiku kwenda kugusa tu.

Jumamosi alilitoa gari mpaka mbele ya nyumba. Marisa na familia yake walikuwa wametangulia kanisani. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye vizingiti, wanajifanya wanafagia. Delcia akatoka na gauni la bluu, mkoba mkononi. Akafungua mlango wa abiria, akachungulia chini, pale palipokuwa na tundu. Akapapasa kapeti kwa ncha ya kiatu. Kisha akakaa dirishani.

Oclides hakuthubutu kupumua. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na anatazama mbele, ametokwa na jasho ndani ya shati la misa. Delcia akafunga mlango. Akaweka mkoba dirishani, kwenye nafasi ya Marisa. Halafu akasogea, kidogo, tena kidogo, kiti kikilia chini yake, mpaka bega lake likafika kwenye bega la mumewe.

Oclides aliuvuta mkono wa gia kwake, akaushusha, gari likaondoka. Mbele ya ile nyumba ya mwalimu, Delcia akazungumza akitazama barabara.

"Miaka arobaini na miwili nimekaa nikidhani ulichoka kukaa karibu nami."

"Nani, mimi?"

"Niliona umeweka chuma katikati. Nikasema, basi, ameniambia. Hajui kusema kwa mdomo, amesema kwa spana."

Oclides alifungua kinywa. Alitaka kumwambia kwamba ilikuwa mtindo tu, kwamba wanaume wote walikuwa wanafanya, na akasikia aibu ya jibu hilo kabla halijatoka. Injini ilikuwa imeanza kulalamika, inataka gia ya pili. Mguu ukakanyaga klachi wenyewe, na mkono wa kulia, uliozoea kazi moja kwa zaidi ya miaka arobaini, ukaachia usukani ukashuka chini kuitafuta gia pale ulipozoea kuikuta. Ukatua juu ya goti la mkewe.

Alitaka kuuondoa. Delcia akaweka mkono wake juu yake.

"Gia iko juu, mzee," akasema. "Lakini usihangaike nayo."

Oclides akaachia klachi. Walikwenda na gia ya kwanza mitaa kumi na moja mpaka kanisani, gari likinguruma kama trekta lililokwama matopeni, watu wakitoka milangoni kutazama wazee wawili waliobanana upande mmoja wa kiti cha watu watatu, na fundi bingwa wa mkoa asiyeingiza gia ya pili.